Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Barabara na Usafiri wa Jiji: Msibomoe kingo za vituo vyetu

Mheshimiwa Mkurugenzi,

YAH: KUBOMOLEWA KWA KINGO ZA MAJARIBIO KATIKA VITUO VYA BASI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Hii ni barua yangu ya tatu kwako. Ya kwanza niliileta kwa mkono, ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Ya pili niliambatanisha picha. Nilijibiwa mara moja tu, kwa simu, na kijana mwenye adabu aliyeniambia kuwa suala langu linafanyiwa kazi. Wiki mbili baadaye nikakuta tangazo limebandikwa kwenye nguzo ya kituo: kingo zitavunjwa, na kila kituo kitachimbiwa nafasi ya basi kuingia pembeni, "ili mabasi yasizuie magari".

Ndiyo maana leo naandika hadharani. Sina ugomvi na mtu yeyote ofisini kwako. Ugomvi wangu ni na hayo maneno manne ya tangazo.

Kwa wasomaji ambao hawajaziona, kingo ninazozitetea ni hivi. Pale kwenye kituo, njia ya waenda kwa miguu imesogezwa mbele kuelekea barabarani, ikachukua upana wa maegesho ya pembeni. Ukingo wa mawe umetokeza mpaka unapogusa leni ambayo basi linapita. Basi halikati kona kuingia kituoni. Linasimama palepale lilipo, milango inafunguliwa juu ya ukingo, watu wanashuka na kupanda, linaendelea na safari. Hakuna mtambo wala umeme. Ni zege na mawe, na akili ya mtu aliyewahi kupanda basi.

Naweka hoja zangu kwa namba ili atakayenijibu ajue anajibu nini.

1. Kituo cha pembeni humfanya dereva wa basi kuwa mwombaji.

Kuingia pembeni ni rahisi. Kazi ni kutoka. Abiria wamekwisha kaa, mlango umefungwa, taa ya kuashiria inawaka, na dereva anatazama kioo akisubiri mtu mmoja mwenye huruma kati ya magari yanayopita. Anapita wa kwanza, wa kumi, wa ishirini. Saa za asubuhi hakuna mwanya, na asiyetoa nafasi haadhibiwi na yeyote. Mwisho dereva anaingiza pua ya basi kwa nguvu, honi zinalia, breki zinapiga kelele, na abiria aliyesimama anajigonga kwenye nguzo. Kisha tunawalaumu madereva wa mabasi kwa ubabe. Sisi ndio tuliowaweka mahali ambapo mpole hatoki.

Nchi nyingine zimejaribu kulitatua hili kwa sheria. Ujerumani, sheria ya barabarani inawataka wenye magari waliruhusu basi linaloashiria kuondoka kituoni. Uingereza, kanuni za barabara zinawaambia madereva walipatie basi kipaumbele pale inapokuwa salama kufanya hivyo. Sheria hizo ni nzuri, lakini zinategemea kila dereva azikumbuke kila mara. Ukingo uliotokeza hautegemei kumbukumbu ya mtu. Basi halikutoka kwenye leni, kwa hiyo halina haja ya kuombewa lirudi.

2. Sekunde zinazopotea ni mabasi yanayopotea.

Hapa ndipo ninapoomba wahandisi wako wanisikilize kwa makini, kwa sababu nina hakika hesabu hii haikuwekwa mezani.

Wataalamu wa usanifu wa barabara za usafiri wa umma hukadiria kuwa basi linalosimama ndani ya leni huokoa kati ya sekunde 5 na 20 kwa kila kituo, likilinganishwa na linaloingia pembeni na kusubiri kurudi. Mtu akisikia sekunde 10 anatabasamu. Lakini chukua njia yenye vituo 18 kwenda na 18 kurudi. Sekunde 10 mara 36 ni sekunde 360, yaani dakika 6. Kama mzunguko mzima wa njia hiyo ni dakika 60, na mnataka basi lipite kila baada ya dakika 6, mnahitaji mabasi 10. Ukishuka hadi dakika 54, mabasi 9 yanatosha kutoa huduma ileile. Basi la kumi, pamoja na dereva wake na mafuta yake, linakuwa huru kupelekwa penye foleni ya abiria.

Sasa geuza hesabu hiyo. Kuchimba vituo vya pembeni kwenye njia nzima ni sawa na kuondoa basi moja katika kila kumi barabarani, kimyakimya, bila tangazo na bila kura.

San Francisco walilipima jambo hili. Katika Mission Street waliondoa vituo vya kuingilia pembeni wakaweka kingo zilizotokeza, na matokeo yakachapishwa mwaka 2001 katika ripoti ya mpango wa Marekani wa utafiti wa usafiri wa umma. Mwendo wa mabasi uliongezeka kwa takriban asilimia 7. Magari ya kawaida nayo yalikwenda vizuri zaidi kwenye sehemu iliyobadilishwa, kwa sababu hapo awali mabasi yalikuwa yanaingia nusunusu, mkia ukibaki leni moja na pua ikitafuta leni nyingine. Nikiri kwamba barabara ile ilikuwa na leni zaidi ya moja kila upande, hivyo gari liliweza kulipita basi lililosimama. Nitarudi kwenye jambo hilo, maana sitaki kushinda hoja kwa kuficha nusu yake.

3. Mama yangu.

Nilitaka kuiandika hoja hii kitaalamu nikashindwa.

Kabla ya majaribio, kituo chetu kilikuwa cha pembeni kama mnavyotaka kirudi. Siku moja gari la mizigo lilikuwa limeegeshwa mbele ya kituo, jambo la kawaida kabisa. Basi likaingiza pua, mkia ukabaki barabarani, na mlango wa nyuma ukafunguka mbali na ukingo kwa zaidi ya hatua ya mtu mzima. Mama yangu anatembea kwa fimbo. Ilimbidi ashuke mpaka kwenye lami, avuke mfereji, kisha apande tena juu ya njia ya miguu. Pikipiki ilipenya katikati ya basi na ukingo kwa kasi. Haikumgusa. Alirudi nyuma kwa kushtuka, fimbo ikazama kwenye mfereji, akaanguka na kuumia kiwiko cha mkono. Toka siku hiyo akawa haendi popote bila mtu wa kumshika.

Miezi ya majaribio ilipoanza, nilimwona akishuka peke yake. Ngazi ya basi na ukingo vilikuwa karibu usawa mmoja, pengo dogo kuliko kiganja. Alishuka, akasimama, akageuka kunitazama kana kwamba amenirudishia kitu nilichomwazima.

Basi likisimama sambamba na ukingo wenye kimo sahihi, mwenye kitimwendo anaingia kwa ubao mfupi usio na mwinuko mkali, na mama mwenye kigari cha mtoto hasubiri mtu wa kumnyanyulia magurudumu. Wajerumani wa mji wa Kassel waliliona hili muhimu kiasi cha kubuni jiwe maalumu la ukingo lililopindwa ili tairi la basi lisugue bila kuharibika na basi lisogee karibu kabisa. Jiwe hilo leo linatumika katika miji mingi ya Ulaya. Lakini hata jiwe bora halisaidii kama basi haliwezi kulifikia. Kulifikia kwa mstari ulionyooka ndiyo kazi ya ukingo uliotokeza: dereva hana cha kukata kona, na hakuna gari linaloweza kuegeshwa mahali ambapo pamekwisha kuwa njia ya miguu.

4. Kuvuka barabara.

Chukua barabara ya leni mbili, kila moja mita 3.5, na maegesho ya mita 2.5 kila upande. Jumla mita 12. Mzee anayetembea mita moja kwa sekunde anahitaji sekunde 12 kuvuka. Tokeza kingo pande zote mbili na anabaki na mita 7 hivi, yaani sekunde 7. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hukata karibu mita 14 kila sekunde. Zile sekunde 5 alizopunguziwa ni mita 70 za gari linalomjia.

Kuna jambo la pili ambalo naona ni kubwa kuliko hilo la umbali. Katika barabara yenye maegesho, mtu anayetaka kuvuka husimama kati ya magari mawili na kuchungulia. Mtoto hata kuchungulia hawezi. Urefu wake haufiki juu ya boneti. Dereva humwona pale anapokuwa tayari ameingia barabarani. Ukingo ukitokeza, mtu anasimama mbele ya mstari wa magari yaliyoegeshwa, anaona na anaonekana kabla hajanyanyua mguu. Isitoshe, barabara inapoonekana imebanwa, madereva wengi hupunguza mwendo bila kuambiwa, na kona ikibanwa gari haliwezi kuikata kwa kasi.

5. Mahali pa kusubiri.

Hili ni fupi. Abiria wakijaa kituoni, wapita njia hulazimika kushuka barabarani ili wapite. Ukingo uliotokeza hutenga nafasi ya wanaosubiri na kuiacha njia ya miguu iwe njia. Kule Mission Street, mtiririko wa waenda kwa miguu karibu na kituo uliongezeka kwa takriban asilimia 11. Kibanda cha kivuli nacho hupata pa kukaa bila kumziba mtu.

Sasa najua nitakavyojibiwa, kwa sababu nimekwisha kujibiwa mara nyingi na watu wa mtaani wanaoirudia kauli ya ofisi yako.

Mtasema basi likisimama kwenye leni linaleta foleni. Katika leni moja ni kweli kwamba gari la nyuma litasubiri wakati abiria wanapanda. Sikatai. Lakini tujiulize kinachosubiri ni nini. Nyuma ya basi lenye watu 50 kuna magari sita, saba, kila moja na mtu mmoja au wawili. Kwa mpangilio wa vituo vya pembeni, watu 50 ndio wanaosubiri ili hao wachache wapite. Jambo la pili ni kwamba gari linalolipita basi kituoni mara nyingi hukutwa na basi hilohilo kwenye taa zinazofuata. Na kama tatizo ni basi kukaa kituoni muda mrefu, dawa yake ni kulipa nauli kabla ya kupanda na kutumia milango yote. Kulifukuza basi barabarani hakupunguzi muda wa mtu kupanda ngazi.

Mtasema madereva wasio na subira watalipita basi kwa kuingia leni ya wanaokuja. Hofu hii ni ya haki, na ni hapo nilipoahidi kurudi. Jibu lake ni kisiwa kidogo cha katikati mbele ya kituo, kinachomzuia anayetaka kulipita basi na kumpa mwenda kwa miguu mahali pa kupumzikia katikati ya safari yake. Kivuko kiwekwe nyuma ya basi, siyo mbele yake, ili anayeshuka avuke akiwa anaonekana na basi liondoke bila kumsubiri. Katika vituo vyetu vya majaribio kisiwa hicho hakikujengwa. Kasoro hiyo ilipaswa kurekebishwa. Kuifanya sababu ya kubomoa ni kumwadhibu abiria kwa kazi ambayo hakupewa.

Mtasema maegesho yatapotea. Nawaomba mchukue futi ya kupimia. Basi la mita 12 likitaka kuingia pembeni katikati ya magari yaliyoegeshwa na kusimama sambamba na ukingo, linahitaji nafasi ya wazi ya kuingilia na nyingine ya kutokea, jumla karibu mara tatu ya urefu wake. Ukingo uliotokeza unahitaji urefu unaotosha milango ya basi tu. Ukipimwa kwa haki, mara nyingi unarudisha nafasi za maegesho. Tunachopoteza kwa kweli ni maegesho haramu ndani ya kituo.

Mtasema maji ya mvua. Hilo nalichukulia kwa uzito, kwa sababu ukingo uliojengwa bila kufikiria mfereji hufanya dimbwi, na dimbwi kwenye kituo ni tusi kwa abiria. Lakini wahandisi wanajua la kufanya: kuhamisha shimo la kupokelea maji, au kuacha mfereji wa zamani upite chini ya mfuniko wa chuma kati ya ukingo wa zamani na mpya. Ndiyo sehemu yenye gharama kubwa kuliko zote. Kama fedha hazitoshi kwa sasa, kuna majukwaa ya vipande vya plastiki ngumu yanayofungwa juu ya lami, maji yakipita chini yake. New York imeyatumia. Yanaweza kuwekwa haraka na kuhamishwa yakionekana hayafai.

Mtasema magari ya zimamoto. Ukingo unachukua upana wa maegesho, na gari la zimamoto halikuwahi kupita juu ya magari yaliyoegeshwa. Kwenye kona kali ni lazima kupima mzunguko wa magurudumu. Pimeni.

Na kuna wasiwasi ambao hamjautaja ila mimi nautaja: waendesha baiskeli. Ukingo ukitokezwa bila kuwafikiria, unamsukuma mwenye baiskeli mbele ya basi. Penye njia ya baiskeli, kituo kinaweza kujengwa kama kisiwa na baiskeli zikapita nyuma yake, kama walivyofanya Seattle kwenye Dexter Avenue. Lakini wasioona wa Uingereza wamelalamikia visiwa vya namna hiyo, kwa sababu wanalazimika kukatiza njia ya baiskeli wasizozisikia zikija. Kwa hiyo kaeni na wasioona wa jiji hili kabla ya kuchora mstari wa kwanza. Mchoro ukishamwagiwa zege, ushauri wao hauna kazi.

Sisemi kila kituo kitokezwe. Barabara ya mwendo wa kasi haifai. Kituo cha mwisho, ambako basi hukaa likisubiri saa yake ya kuondoka, hakifai. Mara tu baada ya makutano penye leni moja, magari yanayosubiri nyuma ya basi yanaweza kufunga makutano yenyewe. Hapo kituo kisogezwe au kiangaliwe upya. Kila kituo kina tabia yake, na ndiyo sababu napinga tangazo linaloamuru vyote vichimbwe kwa kauli moja.

Mheshimiwa Mkurugenzi, ninayoomba ni haya:

Kwanza, usimamishe ubomoaji wa kingo za vituo viwili vya majaribio mpaka matokeo yake yachapishwe. Vipimo vilichukuliwa, tuliwaona vijana wa ofisi yako wakiwa na saa na madaftari. Tuonyesheni walichoandika: muda wa basi kabla na baada, idadi ya walioanguka au kugongwa, na muda wa magari. Kama namba zinanikataa, nitazikubali kwa maandishi, hadharani kama hivi.

Pili, mjenge kisiwa cha katikati na kuhamisha kivuko nyuma ya basi katika vituo hivyo viwili, kisha majaribio yaendelee yakiwa kamili.

Tatu, michoro ya ukarabati wa barabara iwekwe wazi ili abiria, wenye ulemavu, waendesha baiskeli na madereva wa mabasi waione na kuisemea. Madereva wa mabasi hasa. Sijapata kusikia kwamba kuna aliyewauliza.

Nne, nijibiwe kwa barua, ndani ya siku 30, hoja kwa hoja.

Kabla hujatia saini amri ya kubomoa, nakuomba pia jambo moja lisilohitaji kikao. Njoo kituoni kwetu siku yoyote ya kazi, saa moja asubuhi. Nitakuwepo mimi na mama. Tutapanda pamoja, tushuke kituo kimoja cha majaribio, kisha tuendelee hadi kituo cha pembeni kinachofuata na tushuke hapo pia. Mkono wake utaushika wewe.

Wako mtiifu,

Abiria wa kila siku

Nakala: Wajumbe wa kamati ya mipango miji, abiria wote wanaoisoma barua hii.